Deni Likikushinda, Mwone Wakili Mapema



Ng'ombe wako akivimba tezi chini ya sikio na mwili ukawa moto, hungoji alale chini ndipo umwite daktari wa mifugo. Unajua kwamba hiyo ni dalili ya ndigana, na kwamba dawa inayofaa siku ya kwanza haifai siku ya nane.

Lakini deni likishika moto, wakulima wengi hufanya kinyume. Barua ya benki huwekwa chini ya godoro bila kufunguliwa. Mke haambiwi. Simu ya chama cha akiba na mikopo haipokewi. Halafu asubuhi moja dalali anafika langoni na karatasi mkononi, na hapo ndipo mtu anakimbilia mjini kutafuta wakili. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.

Sisi watu wa skimu tunalijua deni tangu zamani. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, watu walipewa shamba na deni pamoja. Wengine walilipa wakamaliza, wengine waliwaachia watoto wao. Tena kila mtoto wetu anajua msemo kwamba dawa ya deni ni kulipa. Maneno hayo ni ya kweli, na somo hili halikufundishi kukwepa kulipa. Linakufundisha la kufanya wakati umelima, umekamua, umeuza, na hesabu bado haitoshi.

PANGA MADENI YAKO MAFUNGU MAWILI

Kabla ya kwenda kwa wakili, kaa mezani na mkeo au mumeo, mwandike madeni yote. Kisha myagawe mafungu mawili: madeni yenye rehani, na madeni yasiyo na rehani. Deni lenye rehani ni lile ambalo mdai ameshika mali yako, kama vile hati ya shamba. Deni lisilo na rehani ni lile ambalo mdai anayo ahadi yako tu, au ahadi yako na ya wadhamini.

Tuseme mkulima mmoja ana ekari 5. Madeni yake ni haya:

Benki, hati ya shamba iko rehani: shilingi 600,000.
Chama cha akiba na mikopo, wadhamini ni majirani watatu: shilingi 180,000.
Karo ya shule: shilingi 70,000.
Duka la dawa na chakula cha mifugo: shilingi 45,000.
Jirani: shilingi 20,000.

Jumla ni shilingi 915,000. Katika hizo, 600,000 zina rehani na 315,000 hazina.

Sasa tazama mapato yake. Anauza lita 15 za maziwa kila siku kwa shilingi 45 lita moja. Hizo ni shilingi 675 kwa siku, au 20,250 kwa siku 30. Ondoa 9,000 za chakula cha ng'ombe, dawa na kupandisha. Ondoa 6,000 za matumizi ya nyumbani. Zinabaki 5,250. Lakini benki peke yake inataka 18,000 kila mwezi. Mtu huyu si mvivu wala mlevi. Hesabu yake ndiyo haitoshi, na kila mwezi unaopita riba inaongezeka.

Ikiwa shamba lako bado lina deni la Serikali la mfuko wa makao, liandike pia, tena uliandike katika fungu la rehani. Shamba la namna hiyo haliwezi kuhamishwa kwa mtu mwingine kabla ya deni hilo kulipwa.

KUFILISIKA KATIKA SHERIA NI NINI?

Watu husema, "Fulani amefilisika," wakimaanisha kwamba hana kitu. Katika sheria neno hili lina maana nyingine. Mtu amefilisika siku ile Mahakama Kuu inapotoa amri kwamba amefilisika. Mambo hayo yamo katika Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa sheria ya kufilisika ya zamani.

Amri hiyo yaweza kuombwa na watu wawili. Wa kwanza ni wewe mwenyewe, ukieleza mahakama kwamba huwezi kulipa na ukitoa orodha ya kweli ya mali na madeni yako. Wa pili ni mdai wako. Mdai aweza kukupa hati ya madai kwa njia ya sheria, na siku 21 zikipita bila wewe kulipa wala kupatana naye wala kuipinga hati hiyo mahakamani, aweza kwenda kuomba ufilisiwe. Kwa hiyo hati ya namna hiyo ikikufikia, andika tarehe juu yake siku hiyo hiyo.

Amri ikitolewa, mali yako inakuwa chini ya mfilisi, ambaye mara nyingi ni Mpokezi Rasmi wa Serikali. Yeye huikusanya, huiuza, na huwagawia wadai. Vyombo vya nyumbani na zana za lazima za kazi yako waweza kuachiwa kwa kiasi kinachoruhusiwa. Lakini shamba lenye jina lako ni mali, nalo linaingia katika hesabu. Kwa upande mwingine, wadai wasio na rehani hawawezi tena kukushtaki mmoja mmoja. Na miaka 3 ikipita tangu ulipotoa ile orodha ya mali na madeni, kwa kawaida unafunguliwa, na madeni mengi ya zamani yanakwisha. Angalia sana: miaka hiyo inahesabiwa tangu siku ya kutoa orodha. Ukichelewa kuitoa, unajichelewesha mwenyewe.

Kuna mambo matatu ambayo yakupasa kuyajua kabla ya kuomba kufilisiwa.

La kwanza, kufilisika hakuokoi shamba lililo rehani. Mwenye rehani aweza kuendelea kuliuza. Mtu yeyote akikuambia, "Weka sahihi hapa ufilisike, benki haitagusa shamba lako," anakudanganya.

La pili, kufunguliwa kwako hakumfungui mdhamini wako. Majirani watatu waliokuwekea sahihi katika chama bado watadaiwa. Katika skimu, ambako mnakutana kila siku kwenye josho na kwenye kituo cha maziwa, jambo hili si dogo. Waambie mapema, uso kwa uso.

La tatu, si madeni yote yanayokwisha. Deni lililotokana na udanganyifu haliondoki kwa amri hiyo. Tena, kwa wakati wote ambao hujafunguliwa, huwezi kuchaguliwa kuwa mbunge wala mwakilishi wa wadi.

NJIA NYINGINE ZIKO

Wakili mwema hataanza na kufilisika. Atakuonyesha kwanza njia nyingine ambazo sheria hiyo hiyo imeziweka.

Iko njia ya kupatana na wadai wote pamoja. Mpango wa malipo unaandikwa, wadai wanaupigia kura, na ukikubaliwa unasimamiwa na mtu mwenye idhini ya kazi hiyo. Mahakama yaweza kukupa kinga ya muda mfupi wakati mpango unatayarishwa.

Iko njia ya kulipa kidogo kidogo kwa amri, kwa mtu mwenye madeni madogo yasiyo na rehani. Maombi hupelekwa kwa Mpokezi Rasmi.

Iko njia ya mtu asiye na mali kabisa. Hiyo pia huombwa kwa Mpokezi Rasmi, na mtu huweza kuitumia mara moja tu maishani. Lakini mwenye ekari zake haimfai njia hii, maana yeye ana mali.

Na iko njia ambayo haihitaji mahakama yoyote: kwenda benki kabla ya kuitwa, na kuomba muda uongezwe ili malipo ya mwezi yapungue. Barua ya wakili yenye hesabu safi husomwa kwa makini kuliko maneno ya mdomo.

SIKU ZINAZOHESABIKA

Ikiwa shamba liko rehani, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imempa mwenye deni muda wa kujiokoa. Huu ndio mpango wake:

1. Ukikosa kulipa kwa mwezi mmoja, benki yaweza kukupa ilani ya kwanza. Ilani hiyo hukupa muda usiopungua miezi 3 wa kulipa kilichochelewa.

2. Usipolipa, benki hukupa ilani ya pili, kwamba inakusudia kuuza. Hapo hukaa siku zisizopungua 40. Mkeo au mumeo naye apaswa kupewa ilani hiyo.

3. Baadaye dalali hukupa ilani yake ya siku zisizopungua 45, na mnada hutangazwa gazetini.

Ukijumlisha, ni karibu miezi 6 tangu ilani ya kwanza. Huo ni muda wa kutosha kupanda viazi, kuvuna, na kuuza. Mwenye kufungua barua ya kwanza ana miezi 6 ya kufanya jambo. Mwenye kuweka barua chini ya godoro ana siku chache tu za mwisho, na wakili hawezi kumrudishia zile zilizopotea.

Hata hivyo, haki yako ya kulipa deni na kukomboa shamba haikwishi mpaka siku shamba linapouzwa.

Wakili atatazama pia kama sheria ilifuatwa. Je, ilani zilitolewa? Ikiwa ni nyumba ya familia, je, mke au mume alikubali shamba kuwekwa rehani? Je, Bodi ya Kudhibiti Ardhi ilitoa idhini? Je, shamba lilithaminiwa kabla ya mnada? Sheria inamtaka mwenye rehani atafute bei nzuri kadiri iwezekanavyo. Shamba la thamani ya shilingi 2,000,000 likiuzwa kwa 1,500,000 au chini ya hapo, mwenye rehani atatakiwa kueleza mahakama ni kwa nini. Lakini usijidanganye: kosa katika ilani mara nyingi huahirisha mnada tu, halifuti deni. Mahakama itakuuliza, "Wewe umelipa nini?"

NAMNA YA KUMCHAGUA WAKILI

Nje ya mahakama na ofisi za ardhi hukaa watu wengi wenye mikoba na maneno matamu. Wengine si mawakili. Wengine ni mabroka wa mashamba wanaotafuta mtu mwenye shida ili wanunue kwa bei ya kutupa. Basi fuata mambo haya:

Hakikisha ni wakili kweli. Kila wakili lazima awe na cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu. Chama cha Mawakili wa Kenya kina orodha, na jina laweza kutafutwa kwa intaneti. Kama huna simu ya kufaa, mwombe mwanao akutafutie.

Usimchukue wakili wa mdai wako. Ikiwa ofisi fulani ndiyo iliyoiandikia benki hati za rehani, tafuta ofisi nyingine. Mtu mmoja hawezi kuwa mlinzi wa mbuzi na wakili wa chui.

Muulize kama amefanya kazi ya namna hii. Wakili wa kesi za ajali aweza kuwa hodari sana, lakini mambo ya ufilisi na rehani yana kanuni zake.

Zungumza naye mwenyewe, si karani wake tu. Kama hana nafasi ya kukusikiliza leo, hatakuwa nayo siku ya mnada.

CHUKUA KARATASI HIZI

Wakili bila karatasi ni kama bwana shamba aliyeulizwa habari za mmea asiouona. Chukua kitambulisho chako. Hati ya shamba au barua uliyopewa katika skimu. Mkataba wa mkopo. Ilani na barua zote, pamoja na bahasha zake zenye tarehe. Taarifa ya hesabu kutoka benki na chama. Risiti za malipo, na zile za M-Pesa pia. Karatasi za malipo ya maziwa, chai au mahindi. Na ile orodha ya mafungu mawili mliyoandika nyumbani.

Usimfiche kitu. Kama uliuza ng'ombe wawili ukanunua pikipiki ya kijana wako, sema. Wakili anatunza siri yako, lakini hawezi kukutetea katika jambo ambalo atalisikia kwanza kutoka kwa mpinzani.

MALIPO YA WAKILI

Watu wengi humwogopa wakili kwa sababu ya ada. Hofu hiyo hupungua ukiuliza waziwazi. Muulize bei ya kila kazi peke yake: ushauri ni kiasi gani? Barua kwa benki ni kiasi gani? Kesi mahakamani ni kiasi gani, na gharama nyingine za mahakama ni zipi? Mara nyingi mkulima anayefika mapema huhitaji ushauri na barua tu. Anayefika siku ya mwisho huhitaji kesi.

Mapatano ya ada yaandikwe na kutiwa sahihi. Lipa katika akaunti ya ofisi, usilipe mfukoni mwa mtu, na udai risiti kila mara. Wakili haruhusiwi kupatana nawe kwamba atalipwa tu kama kesi ikishinda, wala kujinunulia haki yako unayoigombania. Akikuambia, "Usinilipe sasa, tukishinda utanikatia ekari moja," ondoka.

Ikiwa huna uwezo kabisa, uliza habari za Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016 kwa ajili ya watu wasiojiweza. Na kama wakili akila fedha zako au akilala kazini, iko Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili ya kupokea mashtaka yako.

MAMBO USIYAFANYE

Usihamishe shamba kwa jina la ndugu ili kuwakimbia wadai. Mfilisi aweza kurudi nyuma na kulitangua jambo hilo, na wewe utaonekana mdanganyifu.

Usifiche mifugo kwa shemeji.

Usimlipe mdai mmoja kwa siri kwa sababu ni rafiki yako, huku wengine wakingoja.

Usichukue mkopo wa simu kulipia mkopo wa benki. Huko ni kuchimba shimo ili kufukia shimo.

Usiweke sahihi katika karatasi tupu, hata kama ni ya wakili.

Usipuuze wito wa mahakama. Umaskini peke yake haumpeleki mtu kifungoni kwa ajili ya deni. Lakini mwenye uwezo wa kulipa akikataa, mahakama yaweza kumfunga; na asiyefika kueleza hali yake, nani atamwelezea?

YULE MKULIMA WETU ALIFANYAJE?

Turudi kwa yule mwenye ekari 5. Tuseme alifungua ilani ya kwanza siku ilipofika, akaenda kwa wakili na mkewe. Wakili akahesabu, akasema, "Mzee, usifilisike. Tuiombe benki ikubali ukate ekari moja, uiuze mwenyewe." Benki ikakubali kwa maandishi. Mke akakubali. Kugawa shamba kukaruhusiwa, na Bodi ikatoa idhini. Ekari ikauzwa kwa shilingi 700,000. Benki ikapokea 600,000 zake na ikaachilia hati, na zilizobaki zikamlipa mpima, ada na wakili. Yale madeni mengine ya 315,000 yakaandikiwa mapatano: shilingi 5,250 kila mwezi kwa miezi 60, zigawanywe kati ya wadai. Miaka 5 si michache. Lakini ekari 4 zimebaki, ng'ombe wamebaki, na majirani watatu hawakuguswa.

Angengoja dalali, zingenadiwa ekari zote 5 pamoja, kwa bei ya siku hiyo.

Si kila mtu atapata njia kama yake. Kwa mwingine, baada ya hesabu yote, kufilisika kwa amri ya mahakama ndiyo njia ya haki, nayo si aibu. Ni mlango uliowekwa na sheria ili mtu aliyeanguka aweze kusimama tena. Jambo la maana ni kuingia mlango huo macho wazi, ukijua kitakachochukuliwa na kitakachobaki.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika madeni yenu, yapi yana rehani na yapi hayana?
2. Ilani ya kwanza ya benki inakupa muda gani, nawe utafanya nini katika juma la kwanza?
3. Nani aliyekudhamini, na je, anajua hali yako leo?
4. Utajuaje kwamba anayejiita wakili ni wakili kweli?

Someni somo hili pamoja, mume na mke, na anayejua kusoma amsomee asiyejua. Na kama kuna barua chini ya godoro, itoeni leo jioni muisome.